Tupeane uzoefu: PDF imekataa kufunguka kwenye kompyuta

Mwenye uzi
Wenzangu wa saiba za Mombasa, mteja akija na flashi na kusema "PDF haifunguki, nichapishie", wengi wetu hukimbilia kufuta Adobe na kuiweka upya. Mara nyingi kosa haliko huko. Wekeni hapa dawa, na sababu yake pia.

Fundi wa Makupa
Kabla hujagusa programu, tazama ukubwa wa faili. KB 0 ni ganda tupu, pakua upya. Kama ukubwa upo, bofya kulia, Open with, Notepad. PDF halali huanza na %PDF- ikifuatwa na toleo, kama 1.4 au 1.7. Ukikuta <!DOCTYPE html>, huo ni ukurasa wa wavuti uliovishwa kanzu ya PDF. Kwa kawaida ni ukurasa wa kuingilia: akaunti ilishajifunga mtu alipobofya kupakua. Aingie tena, apakue tena.

Mwanzo ukiwa sawa, shuka hadi chini kabisa. Pawe na %%EOF. Ikikosekana, faili imekatika njiani. Orodha inayoiambia programu kila kitu kimekaa wapi huwa mwishoni, kwa hivyo faili ya MB 5 iliyofika MB 4.8 yaweza kugoma hata kuonyesha ukurasa wa kwanza.

Na yakhe, ukitoka Notepad usihifadhi! Ukihifadhi, umeiua wewe.

Bandarini
Nyongeza kwa flashi. Ukubwa ni kamili lakini ndani ya Notepad ni nafasi tupu mwanzo mwisho? Flashi ilichomolewa kabla kompyuta haijamaliza kuandika. Hiyo haina tiba, rudi kwa aliyeituma.

Ukiona PDF zote zimekuwa KB 1 au 2 na kimshale pembeni, hizo ni njia za mkato (shortcut) zilizowekwa na virusi. Usizibofye. Piga antivairasi kwanza, kisha fungua Command Prompt, na kama flashi ni E, andika:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Faili halisi zilikuwa zimefichwa tu, zitatokea.

Dada wa Fomu
Fomu za viza, hasa za Kanada: inafunguka lakini inaandika "Please wait..." na kubaki hapo. Faili ni nzima. Ni fomu ya aina ya XFA, yaani fomu ya kujaza iliyoundwa kwa ajili ya Adobe, na kisoma PDF cha Chrome hakiijui. Ihifadhi kwenye diski, fungua Adobe Reader yenyewe, ndipo uiite kwa File, Open. Kwenye simu usijisumbue.

Bandarini
Ahsante dada, hiyo inasumbua wengi.

Mchapaji
Herufi zikitoka visanduku, hasa hati za Kiarabu, ni kwamba fonti haikufungashwa ndani ya faili. Mtumaji akiwa na Word, achague Save As, PDF, Options, aweke tiki kwenye PDF/A. Hiyo hulazimisha fonti ziingie. Kama kwenye skrini ni sawa ila karatasi inatoka vurugu, ndani ya Adobe Reader: Print, Advanced, Print As Image. Itachapa polepole, lakini itatoka ilivyo.

Saiba ya Posta
Ikiomba neno siri si mbovu. Taarifa ya M-Pesa ndivyo inavyokuja.

Fundi wa Makupa
Kwa iliyoharibika kweli, iburute ndani ya Firefox. Huwa inavumilia makosa. Ikifunguka, Print, kisha Save to PDF, upate nakala safi. Ikigoma, weka mutool, programu ya bure ya kurekebisha PDF, kisha kwenye Command Prompt andika:

mutool clean mbovu.pdf mpya.pdf

Huijenga upya ile orodha ya mwisho. Kurasa ambazo hazikufika hairudishi. Hati yenye sahihi ya kidijitali usiipitishe huku kote, sahihi haitakubalika tena. Omba nakala nyingine. Na mikataba ya wateja msiipandishe kwenye tovuti za kutengeneza PDF bure.