Mliowahi kusafiri na mwenza wako kwa gari na kulala hemani kwenye mbuga za Dakota, Nebraska na Kansas: tupeane uzoefu

Mtoro_wa_Mwaloni: Wakuu, nilikuwa stoo natafuta koleo la theluji nikakutana na hema letu, bado lina matope ya Badlands, ile hifadhi ya South Dakota. Nimecheka peke yangu. Huku Minnesota kila kiangazi utaona wanandoa wanapakia deli la barafu na jiko la gesi, wanaifuata barabara kuu ya I-90 kuelekea magharibi wakitabasamu. Wakirudi wamenuniana. Mimi na mama watoto tulinuniana kabla hata ya kuvuka mto Missouri pale Chamberlain, na chanzo kilikuwa kiyoyozi: huyu awashe, huyu azime. Ukishavuka, mashamba ya mahindi yanapungua, linabaki jani na anga tu. Halafu humohumo ndani ya South Dakota saa inarudishwa nyuma saa moja, tukapata kingine cha kubishania: tule saa ngapi. Haya, leteni vituko.

Wifi_wa_Regina: Kiyoyozi tena! Kwetu ilikuwa madirisha.

Mzee_Kupe: Flint Hills, Kansas. Majani marefu mazuri sana, picha tulipiga. Usiku kazi ikawa kutoana kupe kwa tochi. Vaeni suruali ndefu na muichomeke ndani ya soksi. Urembo mtaukuta nyumbani.

Bi_Mugumu: Hebu nikae vizuri. Sage Creek, ile kambi ya bure ndani ya Badlands. Wanaoijua wanajua: maji hakuna, choo ni cha shimo, kuwasha kuni marufuku kwa sababu ya nyasi kavu, na nyati wanapita katikati ya mahema muda wanaotaka wao. Ilikuwa mwishoni mwa Julai. Mume wangu ni mtoto wa Kariakoo, pori analolijua ni bustani ya Mnazi Mmoja.

Usiku nikasikia mngurumo. Mimi nimekulia Mugumu, jirani na Serengeti, sauti ya mnyama haiwezi kunidanganya. Nikamwamsha, baba, kuna mnyama hapa. Akasema ni jenereta la majirani, lala. Kumbe madume ya nyati, ndiyo msimu wao wa kugombea majike, wanaunguruma usiku kucha.

Tukalala. Usiku wa manane upepo ukaja bila hodi. Nguzo za hema zikapinda mpaka paa likanigusa pua. Radi zinapiga mfululizo, mara mvua ya mawe. Nikakamata nguzo upande wangu, nikapiga kelele, "Shika huko!" Kimya. Kugeuka, zipu iko wazi, mtu hayupo. Amekimbilia garini!

Nikatoka peku, blanketi kichwani. Radi inamulika, naona nyati amesimama kati yangu na gari, nundu yake iko juu ya boneti. Nikazunguka mbaaali, nikatokea upande wa pili, navuta mlango. Umefungwa. Nagonga kioo, na mwenzangu ndani anapiga honi eti anamfukuza nyati. Kuja kufungua, neno lake la kwanza: "Simu yangu umekuja nayo?"

Mtoro_wa_Mwaloni: Mada nimekuachia, dada.

Chausiku_KC: Talaka. Palepale kwenye matope.

Fundi_Omaha: Tuwe wakweli, shemeji alienda mahali sahihi. Hema halikukingi na radi, gari lenye paa la chuma linakukinga. Alichokosea ni kutomwita mkewe.

Chausiku_KC: Na kufunga mlango je? Nyati anafungua mlango?

Fundi_Omaha: Milango ya siku hizi inajifunga yenyewe.

Chausiku_KC: Wanaume mnateteana mpaka mnatia aibu.

Ndugu_wa_Baraka: Sisi tuko Iowa, wa kutoka Uvira. Bibi yangu alikataa hema tangu mwanzo. Yeye alilala ndani ya gari, miye hemani. Ndoa ingali nzuri.

Kibanda_Maiti: Kwani lazima mwende kulala na nyati wa Wazungu? Serengeti na Mara zina kasoro gani?

Bi_Mugumu: Mimi nimezaliwa mlangoni kwa Serengeti. Bei ya kulala mle ndani unaijua, au unaongea tu?

Wichita_Boy: Ushauri wangu: mkiona wingu limekuwa la kijani na king'ora cha tonado, ule upepo wa kuzunguka, kinalia, egesheni chini ya daraja la barabara kuu, mpande mjibane kule juu kwenye pembe. Mimi ndivyo nilivyopona.

Fundi_Omaha: Utaua watu wewe! Tarehe 3 Mei 1999, tonado za Oklahoma, watu watatu walikufa wakiwa wamejificha chini ya madaraja. Upepo ukibanwa pale unaongezeka kasi, unakuja na mbao na mabati. Imani hiyo ilienea kwa sababu ya video iliyopigwa Kansas mwaka 1991. Waliomo walipona, basi kila mtu akaona ni dawa.

Wichita_Boy: Mimi niko hai naandika.

Fundi_Omaha: Hata waendesha pikipiki wasiovaa helmeti wapo wanaoandika. Tafuta jengo imara, kwenye kambi mara nyingi choo cha zege ndicho kimbilio. Ukikosa kabisa, bondeni, mbali na gari, lala kifudifudi, funika kichwa.

Mzee_Kupe: Bondeni kuna nyoka wa kengele.

Fundi_Omaha: Basi chagua.

Wifi_wa_Regina: Hapa Saskatchewan, Canada, tulienda hifadhi ya Grasslands. Nyota ni nyingi hadi mzee wangu, mtu hasemagi maneno matamu, alianza kuniongelesha vizuri. Kidogo mbu wakafika. Maneno matamu yakaishia hapo. Pia mjue hakuna mti, kwa hivyo mambo ya msalani mpange mapema.

Chausiku_KC: Bi Mugumu usitukimbie, asubuhi ikawaje?

Bi_Mugumu: Udongo wa kule ukilowa ni gundi. Gari lilikwama mpaka jua lilipokausha njia, tumekaa tu tunaangalia nyati wanakula, hakuna anayesema. Mchana tukafika mji wa Wall, kwenye lile duka ambalo mabango yake yanakuandama I-90 nzima, maji ya barafu bure, kahawa senti 5. Akaninunulia kahawa. Nikamwambia senti tano hazitoshi. Tuko pamoja bado, ila ufunguo wa gari nalala nao mimi.

Mtoro_wa_Mwaloni: Na mwaka huu mnaenda?

Bi_Mugumu: Ameshanunua vigingi vya chuma. Virefu.

Mgeni_Fargo: Nimechelewa kuingia. Mchumba wangu anataka twende Agosti. Hema la watu wawili linatosha?

Mzee_Kupe: Wawili wa dukani ni mmoja na begi. Chukua la watu wanne.

Chausiku_KC: Chukua mawili.