Kinga ya meno ya kulainisha kwa maji moto inatoka usiku, tatizo liko wapi?

MamaSalha:
Wakuu, habari zenu. Nauliza kuhusu kinga ya kuzuia meno yasisagike usiku, ile ya plastiki unayoilainisha kwa maji moto kisha unaing'ata. Mtumiaji ni mtu mzima, magego yake yameanza kuwa bapa na akiamka taya zinamuuma. Kinga haishiki, usiku wa manane inatoka yenyewe. Pia akifunga mdomo magego yanagota kwanza, meno ya mbele hayaigusi kabisa. Ni kosa la kutengeneza au aina yenyewe haifai? Nyumbani wanasema ni minyoo, anywe dawa tu.

FunditayaTanga:
Pole dada. Hayo mawili kwa kawaida yanatokana na jinsi ilivyolainishwa.

Usiitumbukize kwenye maji yanayotokota jikoni. Epua sufuria, acha kama nusu dakika, ndipo uiweke. Muda fuata wa kwenye pakiti. Nyingi zinasema kati ya sekunde 30 na 60. Ikizidi, kuta zake zinajikunja na kugandana. Ikipungua, plastiki haizami kwenye shingo za meno, na hapo ndipo inapopaswa kushika. Ndiyo maana inadondoka.

Itoe kwa mwiko wa matundu, ikung'ute maji ya moto yasiunguze fizi. Simama mbele ya kioo uivalishe meno ya juu, katikati yake ilingane na katikati ya pua. Kabla ya kung'ata, ibonyeze kwa vidole upande wa nje, anzia magego ya mwisho kuja mbele, huku ukifyonza maji na hewa vitoke. Kisha funga mdomo polepole.

Wengi wanaharibia hapa. Taya hufunguka kama bawaba, kwa hiyo kitu chenye unene sawa kikiwekwa kati ya meno, magego yatakigota kabla ya meno ya mbele. Ng'ata taratibu mpaka meno ya mbele ya chini nayo yaache alama ndogo, halafu tulia hapohapo. Ukikaza sana, plastiki chini ya magego inabaki nyembamba kama karatasi na itatoboka mapema. Bakisha kama milimita 2. Mwishowe maji ya baridi, dakika nzima.

Jaribu: fungua mdomo wazi, ishike bila kusaidiwa na ulimi. Panapokwaruza fizi, punguza kwa mkasi mdogo. Hakikisha inafunika mpaka gego la mwisho. Jino lisilogusa kitu kwa miezi huweza kusogea kutoka mahali pake, kwa hiyo mimi sikubaliani na zile fupi za meno ya mbele peke yake bila daktari kuzifuatilia.

Dkt_Kinywa:
Mkuu hapo juu kaeleza vizuri. Naongezea kuhusu aina.

Kinga laini inafaa kwa kuanzia, lakini baadhi ya watu huitafuna usingizini na misuli ya taya inazidi kuchoka. Kama taya zinauma zaidi baada ya wiki chache za kuivaa, aiache. Ya akriliki ngumu hutengenezwa kwa chapa ya meno yake: fundi anamimina plasta, anaijenga juu yake, kisha daktari anairekebisha mdomoni kwa karatasi ya rangi mpaka meno yote yaguse kwa usawa. Ni ghali zaidi, ila hudumu miaka. Mwenye jino linalolegea, fizi zinazotoka damu, meno ya bandia au waya za kunyoosha meno asijitengenezee nyumbani.

Tafadhali muulize pia kama anakoroma, anakatika pumzi usingizini au anasinzia mchana. Kama ndiyo, apimwe hilo kwanza, kwa sababu kinga ya meno ya juu inaweza kulizidisha. Atazame na anachotumia: mirungi, sigara, pombe, kahawa ya jioni. Baadhi ya dawa za sonona, kama fluoxetine na sertraline, nazo zinaweza kuleta kusaga meno. Asiziache mwenyewe, amweleze aliyemwandikia.

Kuhusu minyoo, hakuna uthibitisho madhubuti kwamba ndiyo chanzo. Watoto wengi husaga meno na wengi wao huacha wakikua. Dawa ya minyoo wape kwa ratiba yake, lakini kwa mtu mzima msiifanye sababu ya kuchelewa. Gamba la nje la jino likishasagika halioti tena.

MamaSalha:
Asanteni sana. Inasafishwaje? Ilianza kunuka.

FunditayaTanga:
Kila asubuhi maji ya baridi, sabuni ya maji kidogo na mswaki laini wa peke yake. Dawa ya meno hapana, inaikwaruza na uchafu unaganda kwenye mikwaruzo. Maji moto hapana, inapinda. Ikaushe kabla ya kuiweka kwenye kikopo chenye matundu.

Dkt_Kinywa:
Na mchana ajizoeze: midomo imefungwa, meno yameachana. Meno yakutane wakati wa kutafuna na kumeza tu. Taya zikiuma, kitambaa cha uvuguvugu shavuni dakika 10 hadi 15 kabla ya kulala. Siku ya kwenda kliniki aibebe hiyo kinga, hata kama imetoboka. Matundu na michirizo yake humwonyesha daktari ni meno gani yanabeba mzigo mkubwa.