Talaka za hasira zimetuchosha! Ghadhabu ya usiku mmoja, tabu tunabaki nayo sisi

Assalaam aleikum ndugu zangu. Na wasio Waislamu humu, habari zenu, karibuni mchangie pia maana hili haliishii kwetu.

Naandika nimekasirika. Wanaume wa kwetu huku Unguja, na najua watu wa Pemba, Tanga na Mombasa mtakuja kuniambia kwenu ni hayo hayo, wameifanya talaka kuwa neno la kumalizia ugomvi. Mchuzi umezidi chumvi, talaka. Kaulizwa jana alilala wapi, talaka. Timu yake imefungwa, karudi kanuna, mtoto analia na mama yake kachelewa kumnyamazisha, talaka. Na siku hizi hata kuja kusema mbele ya mtu wamechoka. Anarekodi sauti WhatsApp anatuma, mwanamke yuko ndani ya daladala kabanana na watu, anaweka simu sikioni, anasikia kaachwa.

Kukicha, ghadhabu imeshuka. Bwana yuleyule anavaa kanzu anakwenda kumtafuta shehe. "Shehe, nilipandwa na hasira, sikukusudia." Kaanza kumtafuta mkewe alipokosa mtu wa kumpikia chai. Akiambiwa ni moja, anacheka, anarejea. Akiambiwa zimetimia tatu, yaani hawezi tena kumrejea hivi hivi, anahama kwa shehe mwengine, na mwengine, mpaka ampate atakayemwambia anachotaka kusikia. Mwanamke wakati wote huo yuko kwa wazee wake hajui kama ni mke au si mke wa mtu.

Asije mtu hapa akaniambia dini imempa mwanamume talaka kwa hiyo ninyamaze. Imempa, sikatai. Lakini imemuwekea na vizuizi, tena vingi, na vyote vinafanya kazi moja, kuipa hasira muda wa kupoa. Suratin Nisaa aya ya 35 inataka waamuzi wawili, mmoja wa upande wa mume na mmoja wa upande wa mke, kabla mambo hayajafika huko. Mke akiwa katika hedhi haachwi, anasubiriwa atwaharike. Akishatwaharika na mumewe akamuingilia, haachwi katika twahara hiyo, inasubiriwa nyengine. Ikifika kuacha, anaacha moja tu. Akishaacha, Suratut Talaq inamwambia asimtoe mke katika nyumba, akae eda yake, yaani muda wa kungoja kabla ya kuweza kuolewa tena, humo humo, kwa sababu hajui, pengine Mwenyezi Mungu akaleta jambo jengine baadae. Aya inayofuata inataja mashahidi wawili waadilifu. Mwanamke asiye na mimba anakaa eda twahara tatu, ambayo ni karibu miezi mitatu, na muda wote huo, ikiwa ni talaka ya kwanza au ya pili, mume anaweza kumrejea bila harusi wala mahari mapya.

Sasa nitajieni mwanamume mmoja anayeweza kufuata hayo yote huku bado kakasirika. Hasira gani inayosubiri hedhi imalizike? Anayeufuata utaratibu huu atakuwa ameacha kwa sababu ndoa imemshinda kweli. Hawa wetu wanaruka kila kitu wanakwenda moja kwa moja kwenye neno, halafu wanatuambia ni haki yao ya dini.

Na hizi tatu kwa mpigo! "Nimekuacha, nimekuacha, nimekuacha," au "nakupa tatu," kwa pumzi moja. Katika Sunan ya Nasai kuna hadithi kwamba Mtume (S.A.W.) aliletewa habari ya mtu aliyemuacha mkewe tatu kwa pamoja, akasimama kwa ghadhabu akauliza kama Kitabu cha Mwenyezi Mungu kinachezewa na yeye bado yupo kati yao. Na Sahihi Muslim imepokea kutoka kwa Ibn Abbas kwamba zama za Mtume, zama za Abubakar na miaka miwili ya mwanzo ya ukhalifa wa Umar, tatu za pamoja zilihesabiwa moja. Umar ndiye aliyezipitisha tatu, na sababu aliyoitoa ni kwamba watu wanaharakia jambo ambalo walipewa nafasi ya kulifanya taratibu. Soma tena sababu hiyo. Ni haraka hii hii ninayoilalamikia mimi leo, na zaidi ya miaka elfu moja na mia tatu imepita.

Najua madhehebu yetu ya Shafi, na mengine matatu pia, msimamo wao unaojulikana ni kwamba tatu kwa pamoja zinapita tatu. Najua mwanachuoni wa zamani Ibn Taymiyya alisema ni moja, na Misri waliiandika hiyo kwenye sheria yao tangu 1929, pamoja na kwamba talaka ya mlevi na ya aliyelazimishwa haipiti. Mimi si mwanachuoni na sitawakata maulamaa kauli. Ninachosema ni kwamba wote hao, wanaosema tatu na wanaosema moja, wamekubaliana mwenye kufanya hivyo kafanya vibaya au kaenda kinyume na mwenendo bora. Mbona hakuna anayemwambia hivyo? Akija msikitini Ijumaa anapewa mkono kama kawaida, hata mahali pake pa safu ya mbele anaachiwa.

Sasa niwaambie kilichonitoa nyumbani kwangu mpaka kuandika hapa.

Mdogo wangu kaachwa. Sitamtaja jina, wala huyo bwana, wala kijiji, maana watoto wao wanasoma pale. Ugomvi wenyewe ulikuwa wa simu. Bwana kampigia, yeye yuko baharini kwenye mwani, maji yamekupwa, simu kaiacha juu kwenye kapu. Karudi kakuta mume kakasirika, maneno mawili matatu, "basi na mimi nimekuacha tatu." Palikuwa na mama mkwe na jirani mmoja. Usiku ule ule akaambiwa atoke. Ikaitwa keri, ikapakiwa kitanda chake, kabati, masufuria, watoto wakapandishwa juu wamelala. Hapa nauliza, ile aya ya kutowatoa katika nyumba zao imekwenda wapi usiku ule? Mashahidi waadilifu ndio mama yake mzazi na jirani aliyekuwa anachungulia dirishani?

Na ile nyumba. Matofali yalinunuliwa kwa pesa za mwani na za vitumbua, kidogo kidogo, mtu anakwenda kulipia mifuko miwili ya saruji akipata. Miguu ya mdogo wangu imechanika kwa chumvi na mawe. Lakini kiwanja ni cha ukoo wa mume, risiti zina jina la mume, kwa hiyo yeye kaondoka na kabati. Bara wana Sheria ya Ndoa ya 1971, na mwaka 1983 Mahakama ya Rufani katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu ilikubali kwamba hata kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Sheria hiyo haifiki huku kwetu. Huku tuna Sheria ya Mahakama ya Kadhi ya 2017, iliyochukua nafasi ya ile ya 1985, na mwanamke anaweza kwenda kudai. Lakini aende na nini mkononi, wakati hata ile talaka yenyewe haikuandikwa ipasavyo? Ilikuja siku kadhaa baadae, imeandikwa kwenye karatasi ya daftari la shule, imekunjwa mara nne, kaletewa na mtoto wa shemeji.

Matunzo ya eda hakupewa. Kitoka nyumba hakupewa, ingawa Suratul Baqara aya ya 241 imesema wazi wanawake walioachwa wapewe cha kuwaliwaza. Huyo bwana alipoulizwa akajibu, "Kwani si kajitakia?" Kajitakia nini? Kutopokea simu akiwa na maji mpaka magotini?

Baadae akataka kumrejea. Akaambiwa zimeshakuwa tatu, hawezi mpaka mdogo wangu aolewe kwengine ndoa ya kweli na aachike huko kwa kawaida. Mnajua alileta fikra gani? Kwamba yuko rafiki yake mmoja, "ataoa siku mbili tu kisha amuache." Yaani baada ya kumdhalilisha yeye, amkodishe na kwa rafiki yake ili kosa lake mwenyewe lifutike! Mtume kamlaani muhalili, anayeoa ili kumhalalisha mke kwa mume wa mwanzo, na anayehalalishiwa, hadithi hiyo hata watoto wa madrasa wanaijua. Baba yetu ni mtu mpole, sijawahi kumuona akinyanyua sauti, lakini siku hiyo alimfukuza barazani mbele ya watu.

Kuna na hizi za masharti, ambazo kwangu ni mbaya zaidi kwa sababu hazionekani. "Ukivuka mlango huu huna ndoa." "Ukienda harusini kwa dada yako, talaka yako hiyo." Kasema kwa ukali wa dakika moja, kesho hata hakumbuki, mwanamke ndiye anayekumbuka. Namjua mama mmoja aliyekosa maziko ya ndugu yake wa tumbo moja kwa kauli kama hiyo. Alikaa ndani akisikia watu wanapita na jeneza njiani. Mume alipoambiwa baadae akasema alikuwa anatania tu. Anatania! Katika hadithi ya Abu Daud na Tirmidhi mambo matatu hayana mzaha, ukiyafanya kweli ni kweli na ukiyafanya mzaha ni kweli: ndoa, talaka na kurejea. Kama huwezi kuuzuia mdomo wako, ulioa kwa nini?

Najua watakaokuja hapo chini. "Wanawake nao midomo yao." Sawa, wapo wenye midomo. Lakini mwanamke akikasirika na kutaka kutoka katika ndoa anafanyaje? Anakwenda kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, anakwenda kwa Kadhi, anaeleza, anaitwa mume, anasikilizwa, anaambiwa arudi wakajaribu tena, akishikilia khului, yaani kujivua mwenyewe katika ndoa, anarudisha mahari. Hasira yake inapitishwa milango mitano kabla ya kukubaliwa. Ya mwanamume haina hata mlango mmoja wa kupita. Huo ndio ugomvi wangu. Wale wale wanaosema mwanamke ana akili fupi na hasira za haraka ndio wanaoachia ndoa nzima ivunjike kwa hasira za haraka za mwanamume.

Na wazee wetu, samahanini, sitawaacha. Binti akirudi na begi mnasema, "Kawaida hiyo, mungu atampa mwengine." Si kawaida. Mnampokea mkwe anapokuja kuomba radhi bila kumuuliza matunzo ya watoto yako wapi, mnamtilia kahawa. Kaka zetu ndio kabisa, wanatetea kwa sababu kila mmoja wao kashawahi kulitamka au anataka abaki na nafasi ya kulitamka. Watoto wanahamishwa skuli katikati ya muhula, mmoja kwa bibi huyu, mwengine kwa bibi yule, wanakua wanajua kwamba baba akipiga mlango kwa nguvu basi kesho mnaweza kuwa mnalala kwengine. Mpwa wangu wa miaka sita, baba yake mdogo akipandisha sauti tu anakwenda kuchukua mkoba wake wa skuli anaukumbatia. Hakuna aliyemfundisha.

Nataka nini? Nataka maimamu na masheha wakatae kuandika au kupokea karatasi ya talaka mpaka waone waamuzi wa pande mbili wamekaa. Khutba za ndoa tumechoka kusikia mke amtii mume peke yake, bwana harusi asomewe na Suratut Talaq kabla hajaitikia. Anayemtoa mke nyumbani ndani ya eda aitwe kwa Kadhi aulizwe kwa aya gani. Na pesa ya eda ilipwe. Hii si hisani, ni deni.

Sasa msaada ninaoutaka kwenu. Eda ya mdogo wangu imeshamalizika na hajapewa hata shilingi, na yule bwana kashaanza kutangaza kwamba nyumba anataka kuipangisha. Aliyewahi kudai matunzo ya eda iliyopita na mchango wa nyumba mbele ya Kadhi wa Wilaya aniambie alikwenda na vielelezo gani. Wauza matofali wawili wanakumbuka kwamba yeye ndiye aliyekuwa akilipa, je, wakija kusema kwa mdomo inatosha au lazima waandike? Na kama yupo wakili wa ZAFELA, jumuiya ya wanasheria wanawake wa Zanzibar, anayesoma hapa, naomba aniambie siku gani za kupokea watu. Nitamleta mwenyewe, na ile karatasi ya daftari ninayo.