Tupeane uzoefu: ekzosi inavuja, lawama anabeba kabureta

#1 (mleta mada)
Wakuu, habari zenu. Miezi miwili nimehangaika na pikipiki yangu, na karibu muda wote huo nilikuwa natibu mahali pasipouma. Nikiachia mafuta kwenye mteremko inapasua: pa! pa-pa! Kila niliyemuuliza alisema petroli inaingia kidogo, fungua skrubu ya mchanganyiko wa hewa na petroli pale kwenye kabureta. Nikafungua robo, nikafungua nusu, mpaka plagi ikatoka nyeusi tii kwa masizi. Kupasua kuko palepale.

Asubuhi moja, injini bado ya baridi, nikasikia tik-tik-tik pale bomba linapoingia kwenye silinda hedi. Ikishapata moto mlio unafifia, kwa sababu chuma kinatanuka na kuubana upenyo, ndiyo maana mchana sikuwahi kuusikia. Nikamulika tochi nikaona masizi yamechora mstari pembeni ya nati. Gasketi ya shingo, kile kipete kinachoziba pale bomba linapoungana na injini, ilikuwa imekwisha. Nimeweka mpya, skrubu nimeirudisha ilipokuwa, na kupasua kumekoma siku hiyohiyo.

Nilivyokuja kuelewa ni hivi: ukiachia mafuta, presha ndani ya bomba hushuka kwa vipindi, basi hewa ya nje inanyonywa kupitia ule upenyo. Inakutana na petroli ambayo haikuungua na joto la ekzosi linaiwasha humohumo. Kabureta naye anafunguliwa kila wiki kwa kosa lisilo lake. Leteni ya kwenu, hasa mliokuta chanzo mahali msipotarajia.

#2
Mkuu, yangu ilianzia kwenye gasketi pia, ila mimi niliirudisha ya zamani kwa kuwa kwa macho ilionekana nzima. Gasketi ile imetengenezwa isagike mara moja tu ipate umbo la pale ilipokaa. Ukiirudisha haikai tena, na ndani ya wiki moshi ulikuwa unatoka vilevile.

Mara ya pili nikafanya kosa kubwa zaidi. Nati ilikuwa na kutu, nikailazimisha kufunguka kwa spana injini ikiwa ya baridi, stadi (ile boli nati inapofungwa) ikakatikia ndani ya silinda hedi. Kuitoa kulichukua siku nzima ya kutoboa taratibu. Siku hizi napuliza mafuta ya kulainisha kutu jioni, naacha yalale, asubuhi nalegeza kidogo kidogo, mbele na nyuma. Wakati wa kufunga, boli ya nyuma inayoshika ekzosi kwenye fremu naiacha legelege kwanza. Nakaza nati za shingo kwa zamu, huku kidogo na kule kidogo, kisha ndiyo nakuja nyuma. Ukianza na nyuma, bomba linavutwa upande na gasketi inakaa mshazari.

#3
Ya kupima haraka: washa ikiwa ya baridi, ziba mdomo wa ekzosi kwa kitambaa kinene sekunde chache tu. Kama bomba ni zima, injini inalemewa na kutaka kuzima. Kama linavuja utasikia "fsss" mahali penyewe. Usijaribu ikishapata moto, utaungua.

#4
Naunga mkono, lakini wengine kabureta zetu kweli zilikuwa na shida. Yangu ilikuwa inazima kwenye silensa (injini ikiunguruma yenyewe bila kuvutwa mafuta), ukipiga resi inakohoa. Nilikuwa nafunga skrubu nikiamini napunguza petroli, kumbe naongeza. Hapa ndipo wengi tunapotea. Skrubu ikiwa upande wa injini, kwa kawaida ni ya petroli: ukifungua, mafuta yanaongezeka. Ikiwa upande wa kichujio cha hewa, ni ya hewa: ukifungua, mafuta yanapungua. Angalia ilipo kabla hujashika bisibisi.

Ninavyotuni sasa: injini iwe ya moto kabisa, choki imezimwa, kichujio kisafi. Naifunga skrubu mpaka iguse tu, bila kuikandamiza maana ncha yake ni nyembamba, halafu naifungua mizunguko 2 hivi. Silensa naishusha kidogo, kisha nazungusha robo kwa robo nikisikiliza pale injini inapokimbia zaidi na kutulia. Kila robo nasubiri sekunde kadhaa, kwa sababu injini haijibu papo hapo.

Na skrubu hiyo inatawala mwanzo tu, mpaka kama robo ya kuvuta mkono wa mafuta. Katikati ni sindano iliyo ndani ya kabureta na kile kipini kinachoishika: ukikishusha ngazi moja sindano inapanda na petroli inaongezeka. Ukivuta mpaka mwisho ni jeti kubwa, kile kitundu kinachopimia petroli. Pikipiki inayokosa nguvu kwenye mwendo mkali huiponyi kwa skrubu ya silensa, hata uizungushe mpaka jioni. Jeti ikiziba, usiichokonoe kwa waya, tundu linapanuka. Dawa ya kusafishia na upepo vinatosha.

#5
Mimi ilikuwa mpira unaounganisha kabureta na injini. Ulikuwa na ufa usioonekana mpaka uukunje. Nikiachia mafuta, resi inabaki juu inakataa kushuka. Nilipuliza kidogo dawa ya kusafishia kabureta kuzunguka ule mpira, injini ikiwa ya baridi na inaunguruma, resi ikabadilika papo hapo. Hapo ndipo hewa inapopenya. (Dawa hiyo inawaka, iwekeni mbali na ekzosi ya moto.)

#6
Niliweka ekzosi iliyo wazi zaidi bila kugusa jeti. Plagi ikawa nyeupe, injini inachemka. Niliweka jeti kubwa iliyozidi kwa namba moja ili petroli iongezeke, plagi ikarudi rangi ya udongo, na joto likashuka.

#7
Jambo moja naomba lisipite. Nilituni pikipiki inayovuja ndani ya stoo, mlango umefungwa kwa sababu ya mvua. Kichwa kikaanza kugonga, nikaona kizunguzungu, miguu ikalegea. Mwenzangu ndiye aliyenitoa nje. Kaboni monoksaidi, ile gesi ya sumu iliyo kwenye moshi wa injini, haina rangi wala harufu, hata moshi ukionekana umepungua yenyewe ipo. Fanyeni kazi hii nje, tafadhali.

#8
Wakuu, nimesoma kuanzia juu nikaenda na tochi. Masizi yapo, nati ya kushoto, na pikipiki hii nimeshaifungua kabureta mara tatu mwezi huu. Nati nimeshazipulizia mafuta, asubuhi nafungua shingo. Nitaleta majibu hapa.