Wakuu, nihamishe kikundi chetu au tubaki tulipo?

Nanga: Wakuu, naomba ushauri. Naendesha kikundi cha watu 140 kwenye mtandao mmoja mkubwa. Wamebadilisha masharti, imani imeniisha. Mshindani wao anaahidi faragha. Tuhame? Wiki nzima silali.

Kinu: Hameni! Mwaka 2021 WhatsApp walipoleta masharti mapya, watu walikimbilia Signal na Telegram kwa mamilioni, hadi tarehe ya mwisho ikasogezwa kutoka Februari 8 hadi Mei 15. Hawa wakubwa hawasikii mpaka wakimbiwe.

Mzee wa Modemu: Na wangapi walirudi, Kinu? Mimi nilihamia Google+, mtandao wa kijamii wa Google, mwaka 2011 ulipofunguliwa, nikijua Facebook nimeachana nayo. Nikapanga watu wangu kwenye miduara, ndugu huku, wa kazini kule. Oktoba 2018 Google wakatangaza hitilafu iliyoweza kuanika taarifa za akaunti hadi 500,000, na walikuwa wanaijua tangu Machi. Desemba ikaja nyingine, akaunti milioni 52.5. Aprili 2019 wakafunga. Bado inaniuma.

Zuhura_T: Pole, mzee wangu. Nanga, kikundi ni cha nini? Masharti tu hayamkoseshi mtu usingizi.

Nanga: Cha kusaidiana.

Zuhura_T: Kusaidiana katika nini?

Nanga: Haya. Tunaishi na ugonjwa ambao wengine hawajawaambia hata wa nyumbani kwao. Wiki iliyopita nilijiunga kule kwa mshindani, programu ikaomba kusoma namba zote za simuni, nikaruhusu. Sasa wanachama wawili wanasema wanapendekezewa wenzao kwa majina kamili. Lakini nia yangu ilikuwa njema! Kuwatafuta 140 mmojammoja ningemaliza lini? Na nimeshatangaza cha zamani nakifunga Jumapili.

Kinu: Kumbe ulishahama. Sasa ushauri wa nini?

Hakimu wa Uzi: Akaunti ya jana, uzi wa kwanza, ugonjwa hautajwi. Hili ni tangazo. Mwaka 2011 Facebook waliwalipa Burson-Marsteller, kampuni ya mahusiano ya umma, wawachochee waandishi waishambulie Google kuhusu faragha, jina la mteja likafichwa hadi siri ikafichuka. Mchezo ni uleule.

Nanga: Tangazo la nani, na sijataja kampuni hata moja? Nimefungua akaunti mpya kwa sababu kwa ile ya zamani wananijua.

Mzee wa Modemu: Hakimu, tuseme ni ya kutunga. Mtu wa kweli mwenye shida hii si atausoma uzi huu? Mjibuni.

Zuhura_T: Nanga, Google Buzz ya 2010, mtandao wa kijamii uliowekwa ndani ya Gmail, ilikuwa hivihivi: uliowaandikia zaidi kwenye Gmail wangeweza kuonekana hadharani. Mwaka uliofuata Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ikaibana Google kwa ukaguzi wa faragha wa miaka 20. Ingia kwenye mipangilio, zima usomaji wa namba, kisha ufute zilizokwisha kupakiwa. Kuondoa programu simuni hakutoshi. Na Jumapili usifunge kitu, hao watu hujawauliza.

Nanga: Nimezima, nimefuta. Ila kuwaambia wote, dada? Wataondoka.

Zuhura_T: Waache waondoke wakijua. Namba ni zao.

Nanga: Naandika sasa hivi. Nimefuta mara tatu. Nianze na hao wawili, au wote kwa pamoja?

Zuhura_T: Hao wawili kwanza. Wapigie.