Naomba ushauri: niendelee na mchanganyiko au nirudi kwenye penseli?

Habari zenu wakuu. Huu mwezi wa tatu nahudhuria warsha ndogo ya uchoraji, tuko sita tu. Penseli na makaa naona vinaanza kunitii. Balaa lilianza tulipoingia kwenye kuchanganya: rangi ya maji, vipande vya magazeti, gundi, kisha wino juu.

Nilikuwa natumia karatasi ya gramu 80, ile ya kuchapia. Ikipata maji tu inajikunja kama jani kavu. Nikanunua ya gramu 300, nikaipaka jeso (ule mpako mweupe wa kuandaa karatasi kabla ya rangi), sasa rangi ya maji inajikusanya matone matone badala ya kunywewa. Rangi ya akriliki inashika vizuri, ila niliwahi kuipaka juu ya rangi ya mafuta ikabanduka. Kumbe mafuta ndiyo hukaa juu ya akriliki, si kinyume chake!

Kinachoniumiza zaidi: juzi nilichora mkono, vidole vikawa kama njiti za kiberiti, nikavibandikia gazeti. Watu wakasifia. Nilijisikia mwizi.

Mliopitia njia hii, niendelee hivihivi au nikomaze mkono kwanza? Na jeso mnaipaka lini, lini mnaiacha?