Skwati na dedilifti kwa anayeanza: mara ngapi kwa wiki?

Mwanagenzi
Ndugu wanachama, nina nafasi ya kunyanyua vyuma Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na nimekuta ratiba mbili zinazopingana. Ya kwanza, StrongLifts 5x5, hutaka skwati (kuchuchumaa na kuinuka chuma kikiwa mabegani) kila siku ya mazoezi, seti 5 za marudio 5, ilhali dedilifti (kunyanyua chuma kutoka sakafuni hadi usimame wima) ni seti 1 ya marudio 5, tena kwa kuruka siku moja ya mazoezi. Ya pili huyapa mazoezi yote mawili siku mbili kwa wiki. Ipi inamfaa ambaye hajawahi kushika chuma?

ChumaPwani
Ya kwanza, bila kusita. Kwa hesabu yake utapiga skwati mara 75 kwa wiki, na dedilifti mara 5 au 10 tu, na tofauti hiyo ina sababu. Skwati unaianza na chuma kitupu cha kilo 20, uzito ambao wengi huumudu, kwa hiyo kuirudia mara kwa mara ndiko kunakokufundisha kushuka vizuri. Dedilifti hupanda uzito haraka, na mgongo wa chini unaoibeba ni uleule ambao skwati imekwisha kuuchosha.

FisioMvita
Hoja ya ndugu ChumaPwani ni ya kweli kwa kijana anayelala na kula vya kutosha. Mtu anayeshinda akipakua magunia hafanani naye. Huyo ningempa siku mbili: Jumatatu skwati nzito na dedilifti nyepesi, Alhamisi kinyume chake. Hata mwongozo wa American College of Sports Medicine, chama cha Marekani cha wataalamu wa tiba ya michezo, wa mwaka 2009 unapendekeza siku 2 hadi 3 kwa wiki kwa wanaoanza, kwa hiyo mwenye siku mbili asijione amepungukiwa.

Mwanagenzi
Nashukuru, dada. Mimi kazi yangu ni ya kukaa, basi nitashika siku tatu. Ila jimu yetu ina pleti (visahani vya uzito vya kuvika chumani) ndogo tu, na kwenye dedilifti mgongo unapinda kabla chuma hakijaondoka sakafuni.

ChumaPwani
Hapo tatizo si idadi ya siku. Pleti kubwa za kawaida zina kipenyo cha sentimita 45, hivyo chuma hukaa sentimita 22.5 juu ya sakafu. Za kwenu zinakulazimisha uiname chini zaidi ya hapo. Panga mbao imara chini ya pleti, pande zote mbili kwa kimo kimoja, mpaka chuma kifike katikati ya muundi.

FisioMvita
Naafiki kabisa. Mgongo ukishanyooka, ongeza kilo 2.5 kwenye skwati kila siku ya mazoezi na kilo 5 kwenye dedilifti, na siku utakapouona umepinda tena, rudisha uzito wa mara iliyotangulia hata kama nguvu za kuendelea unazo.